Maoni yangu: Huduma ya chanjo ya polio nyumba kwa nyumba, Mbeya mjini (nyota nne kati ya tano)

Huduma ninayoiandikia leo hailipiwi, haina duka wala dirisha la malalamiko. Labda ndiyo sababu sijaona mtu akiitolea maoni kama tunavyoyatoa kuhusu mabasi, migahawa na mafundi simu. Nazungumzia ile timu inayopita mtaani na kiboksi cha baridi begani, ikibisha hodi mlango kwa mlango, ikiomba watoto wadogo wote waliomo ndani na kuwadondoshea mdomoni matone mawili ya chanjo ya polio. Kwangu, nyuma ya soko la Mwanjelwa, walipita katika awamu zote za mwaka 2022 na wakapita tena Septemba 2023. Nina wajukuu ndani, na wapangaji wangu nao wana watoto, kwa hiyo kila timu ikija inakaa mlangoni kwangu kwa muda wa kutosha nami napata nafasi ya kuangalia kazi yao.

Natanguliza hukumu kwa ajili ya asiye na muda. Matone yenyewe ni bora. Namna wanavyohesabu watoto ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Maelezo wanayotoa mlangoni ni hafifu. Na ile sehemu iliyo kubwa kuliko zote, ya kumsaka mtoto aliyelegea ghafla na kujua kilichomlegeza, wengi wetu mtaani hatujui hata kama ipo. Nyota nne kati ya tano.

Msomaji ana haki ya kujua anayesema ni nani. Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Rungwe mwaka 1975, mwaka ule ule Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa chanjo. Mpango haukuwa umefika kijijini kwetu nilipotimiza miaka mitatu. Nikashikwa na homa, na homa ilipotoka mguu wa kushoto ukabaki umelala. Bibi yangu aliukanda kwa majani ya moto hadi mikono yake ikachubuka, lakini mguu haukuamka. Wateja wangu wananijua kwa kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Basi mtu akija mlangoni kusema amekuja kuzuia polio, mimi namsikiliza kwa makini kuliko jirani aliyeliona jina hilo kwenye bango tu.

Sasa huduma yenyewe. Timu niliyoizoea huwa na mchanjaji, mwandishi, na mara nyingi mjumbe wa shina anayewatambulisha. Hilo la mjumbe nalisifu sana. Nyumba za huku zimebanana, vyumba vya uani havionekani kutoka barabarani, na mgeni hawezi kujua kwamba nyuma ya bafu kuna chumba anachoishi mama na mtoto wa miezi minne. Mjumbe anajua. "Shikamoo mama, hapa tuna watoto wangapi?" Ukisema wanne, mjumbe anakumbusha, "Na yule wa binti aliyehamia juzi?" Wanahesabiwa wote, hata mtoto wa mgeni aliyekuja kutembea, hata aliyelala. Aliyelala anaamshwa.

Kichupa cha chanjo kinatoka ndani ya kiboksi chenye vipande vya barafu. Hapo kuna kitu kidogo ambacho naomba kila mzazi akijue. Kwenye kichupa kuna kibandiko chenye duara, na ndani ya duara kuna mraba. Mraba ukiwa na rangi nyepesi kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukifanana na duara au ukawa na rangi nzito kuliko duara, chanjo imepigwa na joto na haifai tena. Mara ya kwanza niliomba kuona, yule dada mchanjaji akashtuka kidogo kisha akanionesha bila kinyongo na kunieleza vizuri. Tangu hapo naomba kila wakija, na hakuna hata mmoja aliyenikatalia. Mtu aliyejiandaa haogopi kuulizwa.

Matone mawili, mtoto anakunja uso, basi. Kisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinapakwa wino usiofutika upesi, na mlangoni wanaandika kwa chaki: tarehe, watoto waliomo, waliopata. Kama kuna aliyekosekana, hesabu mbili za mlangoni hazilingani, na timu inatakiwa irudi. Baada ya siku chache walipita watu wengine kabisa, si wale waliochanja, wakawa wanaangalia vidole vya watoto kwenye nyumba walizozichagua bila kumwambia mtu. Wakikuta vidole vingi havina wino, eneo linatakiwa kurudiwa. Nimetumia huduma nyingi za umma maishani mwangu, na chache sana zinamtuma mtu wa pili kukagua kama wa kwanza alifanya kazi kweli. Hapo nyota yake ni kamili.

Nina lawama moja kuhusu chaki. Katika awamu mojawapo, nyumba ya uani kwa jirani iliandikwa kwamba imekamilika, ilhali watoto wawili walikuwa shambani na mama yao. Nilipomwita mwandishi alisema watawakuta kesho. Kesho yake haikufika, mpaka mjumbe alipowafuata. Mama yule naye hakuona sababu ya kuwatafuta, kwa kuwa hakuambiwa chochote kilichompa sababu.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye maelezo.

Awamu ya kwanza ilikuja Machi 2022, mvua zikiwa bado zinanyesha, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Ilihusu mikoa minne tu: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Watu walijiuliza kwa nini sisi. Tanzania haikuwa imemwona mgonjwa wa polio ya asili, yaani ile isiyotokana na kirusi cha chanjo, tangu 1996, na Agosti 2020 Afrika nzima ilikuwa imetangazwa kuwa imekiondoa kirusi cha asili. Mama mmoja jirani alimuuliza mchanjaji swali zuri kabisa: "Mwanangu amemaliza chanjo zote kliniki, kadi hii hapa. Mnampa tena ya nini?" Akajibiwa, "Ni agizo, mama." Mama akachukua kadi yake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jibu lilikuwepo, na halikuwa siri. Mwezi uliotangulia, Februari 2022, Malawi ilitangaza kwamba msichana wa miaka mitatu huko Lilongwe alikuwa amepooza tangu Novemba 2021, na kilichompooza ni polio ya asili, aina ya kwanza. Maabara ilipokisoma kirusi hicho na kufuatilia nasaba yake, ndugu yake wa karibu alikutwa mkoa wa Sindh, Pakistan, mwaka 2019. Maana yake kirusi kilitoka Asia kikafika kusini mwa Afrika, na muda wote huo kilikuwa kikipita kwenye matumbo ya watu bila jicho lolote kukiona.

Kinawezaje kujificha hivyo? Kwa sababu katika kila watu 200 hivi wanaokibeba, ni mmoja tu anayepooza. Wengine wanapata homa ndogo au hawahisi kitu, lakini choo chao kinakibeba, na kupitia maji na mikono michafu kinaingia kwenye kinywa cha mwingine. Ukimwona mtoto mmoja aliyepooza, ujue nyuma yake kuna mamia wanaokitembeza. Sasa fikiria Kasumulu, mpakani mwetu na Malawi. Nina wateja wanaotoka Karonga, upande wa Malawi, asubuhi kuja kununua vitambaa na mchele wa Kyela, na jioni wako kwao. Mto Songwe watu wanauvuka na watoto mgongoni. Hiyo ndiyo sababu walianza na sisi wa mpakani, na ndiyo sababu kuanzia Mei awamu zilizofuata zikahusu nchi nzima. Mwezi huo huo Msumbiji ikatangaza mtoto wake wa kwanza, mkoani Tete, na mwaka ule watoto wanane walipatikana huko.

Maneno haya yanaweza kusemwa mlangoni kwa dakika moja: "Mama, kuna mtoto Malawi amepooza, kirusi kinatembea, tumbo la mwanao linahitaji ngao zaidi." Na kuhusu kadi ya kliniki: dozi moja ya matone haishiki kwa kila mtoto, hasa kwenye mazingira ambako kuhara ni kwa kila siku, ndiyo maana inarudiwa. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto aliyekwisha kupata kinga. Yule mama nilimfuata mwenyewe jioni, nikakaa naye, nikamwonesha mguu wangu, nikamweleza hayo. Kesho yake aliwaita wachanjaji yeye mwenyewe. Lakini mtaa hauwezi kutegemea kwamba kila penye mlango uliofungwa kuna fundi cherehani mwenye mguu wa polio.

Anayedhani nakuza jambo akumbuke kilichotokea kaskazini mwa Nigeria mwaka 2003. Uvumi ulienea kwamba matone yanaharibu uzazi, jimbo la Kano likasimamisha chanjo kwa karibu mwaka mzima, na kirusi cha huko kikasambaa hadi karibu nchi 20, kikafika Yemeni na Indonesia. Uvumi wa aina hiyo hata huku upo. Nimeusikia kisimani, nimeusikia saluni. Hauwezi kuzimwa kwa neno "agizo". Unazimwa na mtu anayejua, anayesimama mlangoni na kujibu.

Septemba 2023 udhaifu huo ulionekana zaidi. Safari hii mikoa ilikuwa sita: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya, na umri ukapandishwa hadi chini ya miaka minane. Mjukuu wangu mkubwa, aliyekwisha kuanza shule na kujiona mtu mzima, akaitwa naye kufungua kinywa. Tuliuliza kwa nini. Tukaambiwa umri umepanda. Hilo tulikuwa tumekwisha kuliona.

Nilikwenda kwa muuguzi mmoja ninayemshonea sare, akanieleza kwa utulivu hadi nikaelewa. Nami nitaeleza hapa, kwa sababu naamini wazazi wanaustahimili ukweli kuliko viongozi wanavyodhani. Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto akiyapata, tumbo lake linajifunza kupambana, na kwa muda anakitoa kirusi hicho dhaifu kwa choo. Mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa, kinaishia hapo. Mahali ambapo wengi hawajachanjwa, kinapita tumbo hadi tumbo miezi mingi, kikibadilika kidogo kidogo, hadi kinapata tena nguvu ya kupooza. Ndicho kilichompata mtoto wa Rukwa mwaka huo: kirusi cha aina ya pili kilichotokana na chanjo. Polio ya asili ya aina hiyo ya pili ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2015, na Aprili 2016 dunia nzima ikaiondoa aina hiyo kwenye matone. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakupata ngao yake ya tumboni. Hesabu miaka kutoka 2016 hadi 2023 utaona kwa nini mjukuu wangu aliitwa.

Matone waliyotumia safari hiyo nayo yalikuwa mapya, yaliyotengenezwa upya ili kirusi chake kisibadilike kwa urahisi. Yalianza kutumika mwaka 2021 kwa kibali cha dharura, na Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likayapa ithibati kamili. Hizi ni habari njema za kisayansi. Kwa nini hazikuletwa mlangoni pamoja na kiboksi?

Kuna mzazi aliyeniuliza, kama ni hivyo kwa nini wasitumie sindano tu, ambayo kirusi chake kimekufa? Sindano ipo, na watoto wetu wanaipata kliniki, wakiwa na wiki 14. Inamlinda mtoto mwenyewe asipooze, na inamlinda vizuri. Lakini tumboni haiweki ngao kama matone, kwa hiyo mtoto aliyechomwa anaweza bado kukibeba kirusi na kumpelekea mwingine. Kuzuia kisitembee mtaani unahitaji matone. Viwili hivyo vinakwenda pamoja, na usikubali kimoja ukakiacha kingine.

Sasa nije kwenye nyota niliyoizuia.

Mtoto wa mpangaji wangu, mvulana wa miaka minne, aliamka siku moja mguu hauna nguvu. Alikuwa na homa ya siku mbili na alikuwa amechomwa sindano. Mama yake akasema ni sindano imekaa vibaya, ngoja ipoe. Mimi moyo uliniruka. Nilifunga cherehani, tukachukua bajaji hadi kituo cha afya siku ile ile. Muuguzi wa zamu alikuwa hodari kweli. Hakusema tusubiri. Alijaza fomu, akaeleza kwamba mtoto yeyote chini ya miaka 15 akilegea ghafla, kwa sababu yoyote ile, ni lazima achunguzwe polio, kisha akataka choo: sampuli mbili, zinazopishana saa 24 hadi 48, zote zipatikane ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Baada ya hapo kirusi hupungua chooni na kipimo kinaweza kukikosa. Sampuli ziliwekwa kwenye barafu. Barafu ile ile inayoleta chanjo mtaani ndiyo inayoondoka na choo kwenda maabara, kwa sababu kirusi kikifa njiani ushahidi umepotea. Ukanda wetu una maabara za kazi hii, kama za taasisi za utafiti KEMRI ya Nairobi, Kenya, na UVRI ya Entebbe, Uganda.

Mguu wa mtoto ulirudi taratibu, namshukuru Mungu, na baada ya siku 60 alikuja ofisa kumtazama anavyotembea. Leo anacheza mpira. Lakini majibu ya maabara mama yake hakupewa. Alifuatilia mpaka akachoka. Aliambiwa kwamba ingekuwa polio wangemwambia. Huyu ni mama aliyebeba choo cha mwanawe kwenye kopo, kwa siku mbili, mbele za watu, kwa faida ya nchi nzima. Anastahili karatasi yenye neno moja. Safari nyingine atahangaika hivyo kwa moyo gani? Na jirani aliyemwona akihangaika bure, atakwenda?

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nilipolielewa ndipo nilipoona huduma nzima ilivyoshikana. Matone bila upelelezi ni kumwaga maji gizani. Wataalamu wana kipimo chao: katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15, kila mwaka anatarajiwa angalau mmoja atakayelegea ghafla kwa sababu nyingine isiyo polio. Wilaya kubwa ikisema mwaka mzima haikupata hata mmoja, haisifiwi. Inaulizwa kama ilitafuta. Kwa hiyo yule mvulana, ingawa hakuwa na polio, alikuwa ushahidi kwamba Mbeya ilikuwa macho. Nani alimwambia mama yake hivyo? Mimi.

Wanachunguza hata maji taka. Mwaka 2018 kirusi cha aina ya pili kilipatikana kwenye maji taka ya Eastleigh, Nairobi, bila mtoto yeyote kuwa amepooza, na watoto wakachanjwa kabla ya kusubiri kilema. Mwaka 2022 London nayo ilikikuta kwenye maji taka yake, na karibu na New York kijana mmoja asiyechanjwa akapooza. Wanaodhani polio ni ugonjwa wa maskini wa Afrika wayatafakari hayo. Na Gaza mwaka 2024, katikati ya vita, kilipatikana kwenye maji taka, kisha mtoto wa miezi kumi akapooza, wa kwanza huko baada ya miaka 25. Septemba mabomu yalitulizwa kwa saa chache kila siku ili watoto wapate matone.

Dunia ilipoanza kazi hii kwa pamoja mwaka 1988 ilikadiriwa kwamba watoto 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Mimi ni wa kizazi hicho. Leo polio ya asili imebaki na makao katika nchi mbili, Pakistan na Afghanistan. Mwaka 2024 Pakistan ilikuwa na wagonjwa 74 na Afghanistan 25, nao ni wengi kuliko mwaka uliotangulia, ambapo kila nchi ilikuwa na sita. Kule wachanjaji, wengi wao wanawake, wameuawa wakiwa kazini pamoja na askari wanaowalinda, na bado asubuhi wengine wanabeba kiboksi na kutoka. Kila nikimpokea dada mchanjaji wa mtaani kwetu huwa nawakumbuka hao. India nayo ilidhaniwa haitaweza kamwe, lakini mgonjwa wao wa mwisho alipatikana Januari 2011. Na ule mlipuko wa Malawi na Msumbiji uliotutoa matopeni mwaka 2022 ulitangazwa kwisha Mei 2024, baada ya zaidi ya watoto milioni 50 kuchanjwa katika nchi tano, yetu ikiwemo. Huduma hii inaleta matokeo. Sijui bidhaa nyingine mtaani ambayo naweza kuisema hivyo kwa uhakika huu.

Wanaolalamika kwamba wanasumbuliwa na hodi za mara kwa mara, ninawaeleza gharama ya upande wa pili, kwa kuwa naijua. Chuma changu cha kushikilia goti nilitengenezewa hospitali ya KCMC, Moshi, kazi safi, lakini kutoka Mbeya hadi Moshi ni safari, na ngozi zake zinachakaa, na kiatu lazima kishonwe upya. Zaidi ya hapo, miaka hii ya karibuni hata mguu mzima umeanza kuchoka. Daktari alinieleza kwamba wengi waliougua polio utotoni hupata udhaifu mpya baada ya miongo mingi, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyobaki ilifanya kazi ya ile iliyokufa. Cherehani niliyoikanyaga toka nikiwa binti sasa nimeifunga mota ya umeme. Umeme ukikatika nakaa. Hodi ya dakika tano ni bei ndogo sana.

Kwa atakayepokea timu hii kwa mara ya kwanza, iwe awamu nyingine ikitangazwa au ukihamia inakopita: toa kadi ya kliniki, lakini usiitumie kama sababu ya kukataa. Omba kuona kibandiko cha kichupa. Wataje watoto wote, hata wasio wako, hata mchanga wa leo. Angalia kidole kimepakwa wino kweli, na soma chaki ya mlangoni kabla hawajaondoka. Anayekosekana, taja yuko wapi na atarudi saa ngapi. Na siku yoyote, hata pasipo kampeni, mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na uombe achunguzwe polio. Usimwache apoe. Usianze na majani.

Kwa wanaoiendesha huduma hii naomba mambo ya kutekelezeka kesho. Wafundisheni wachanjaji majibu ya maswali matatu: kwa nini sasa, kwa nini tena, na je, ina madhara. Wapeni ruhusa ya kukaa mlangoni dakika tatu zaidi, hata kama lengo la siku litapungua nyumba kadhaa. Kila mzazi aliyetoa sampuli ya mwanawe apewe majibu yake kwa maandishi, yawe mazuri au mabaya. Waiteni na sisi tuliougua, tupo kila wilaya, tutembee na timu, maana tunajua la kusema. Na kwa mtaa wa soko kama wetu, wapite pia saa kumi na mbili jioni. Asubuhi akina mama wako Mwanjelwa na watoto wamelala chini ya meza za nyanya, na timu inayogonga mlango saa tatu haitawakuta.